Maka peni ya mapokezi na siku mbili za kumsubiri Milton

Jumatatu ile, tarehe 7 Oktoba 2024, kimbunga Milton kikiwa njiani kuja kwetu Florida, kabla hata sijakaa kwenye kiti ofisini nilishaulizwa mara nne, "we unaondoka?" Mara ya kwanza mlinzi wa pale chini, mara ya pili kwenye lifti dada mmoja ambaye tangu niajiriwe hajawahi hata kunisalimia, mara ya tatu jamaa wa mauzo, mara ya nne meneja mwenyewe, ambaye ndo tulikuwa tunategemea yeye atuambie sisi. Wote niliwajibu vilevile, "sijui, we je?" na wote wakasema hawajui, wanaangalia kwanza. Yani ofisi nzima ilikuwa inaangalia.

Kwa wasiopajua pale, St. Petersburg, Florida, ipo kwenye rasi. Upande mmoja Ghuba ya Meksiko, upande wa pili ghuba ya Tampa. Ukitaka kwenda mashariki lazima uvuke daraja, kusini pia daraja, lile refu la Skyway ambalo upepo ukifika maili 40 kwa saa linafungwa, na kilichobaki ni kaskazini, barabara yenye mataa kila ukijitikisa. Ukichelewa kuondoka hubaki tu na upepo, unabaki kisiwani.

Afu siku kumi na moja nyuma alishapita Helene, kimbunga kingine. Hakutupiga kabisa yule, alipita mbali baharini akaenda kutua kule Big Bend, kaskazini mwa Florida, akiwa daraja la 4 (vimbunga vinapimwa kuanzia 1 mpaka 5), lakini maji aliyoyasukuma yalipanda kwetu zaidi ya futi 6, usiku, watu wamelala. Kwa hiyo ukitoka nje Jumatatu ile ulikuwa unaona mtaa mzima umemwaga matumbo yake barabarani. Magodoro, mafriji, mabodi ya jipsam yameoza, midoli ya watoto, milango, mazulia yanayonuka, vyote vimerundikwa mbele ya nyumba vikisubiri gari la taka. Na sasa kinakuja kingine, na upepo haujui kipi ni kifusi na kipi ni kombora. Gavana alitoa amri madampo yafanye kazi saa 24, malori yakawa yanapita usiku kucha, lakini ukilinganisha na lile rundo ilikuwa ni kuchota bahari kwa kijiko.

Mama wa akaunti nyumba yake ilikuwa mojawapo. Maji yalimfika kiunoni sebuleni, wakamkatia kuta kuanzia chini mpaka futi nne ili ukungu usipande juu, na bado alikuwa anakuja kazini saa mbili kamili na mkoba wake. Nilidhani yeye ndo atakuwa na wasiwasi kuliko wote, kumbe alikuwa ametulia kupita kiasi. Akaniambia, "Mi maji hayanitishi tena, hayana cha kuchukua. Naogopa kochi langu. Lipo barabarani pale, likiruka likaingia kwa dirisha la jirani nitamwambia nini?" Tukacheka, afu kila mtu akanyamaza ghafla manake wote tulikuwa na kochi la mtu karibu na dirisha letu.

Sasa Milton. Jumamosi alikuwa hata hana sifa, dhoruba tu imezaliwa kule chini upande wa Meksiko. Jumapili mchana ndo wakampandisha kuwa kimbunga. Jumatatu kabla ya saa sita mchana alishakuwa daraja la 5, na jioni upepo wake ulikuwa maili 180 kwa saa, karibu kilomita 290, mgandamizo wa hewa (ukishuka ndo kimbunga kinazidi nguvu) umeshuka chini ya milibari 900, kitu ambacho vimbunga vya Atlantiki vilivyowahi kukifikia unavihesabu kwa vidole. Ndani ya saa 24 upepo ulikuwa umeongezeka maili 95. Yani watu tulioenda kunywa chai na dhoruba ya daraja la 4 tukarudi mezani ni ya 5.

Kuna mtabiri mkongwe wa hali ya hewa kwenye tivii ya Miami, John Morales, siku hiyo alikuwa hewani anasoma kwamba mgandamizo umeshuka milibari 50 ndani ya masaa 10, sauti ikamkatika, akaomba radhi, machozi yanamlenga. Ile klipu iliingia kwenye grupu letu la ofisi sijui mara sita, kila mtu anaituma kama vile yeye ndo wa kwanza kuiona. Mi nadhani ile ilitufanyia kazi kuliko ramani zote. Namba tulishazizoea, lakini mtu ambaye kazi yake ni kusoma vimbunga miaka na miaka akishindwa kumaliza sentensi, hapo unaanza kutafuta funguo za gari.

Kulikuwa na kijana mmoja upande wa dirishani, mzuri sana wa kompyuta, huyo alikuwa na skrini mbili, moja ya kazi, nyingine ya tambi. Tambi ndo zile njia nyingi za rangi rangi, kila moja ni makisio ya modeli yake, zimechorwa zote kwenye ramani moja mpaka inaonekana kama mtu kamwaga sahani. Kila zikibadilika anatangaza. "Imesogea kusini!" watu wanapumua. "Imerudi!" watu wanashika simu. Nikawa nawaangalia wenzangu wanavyoipenda ile mistari ikienda kusini, na kusini kuna watu, Sarasota kuna watu, Fort Myers kuna watu, sisi tunashangilia tambi ziwaangukie wao. Hata mi nilishangilia, sitadanganya.

Na ile koni nyeupe inayochorwa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga wengi ofisini waliisoma vibaya. Walidhani ukiwa ndani ya koni umekwisha na ukiwa nje umepona. Koni inaonyesha tu wapi kitovu kinaweza kupita, na hata hicho kitovu karibu safari moja kwa kila tatu kinatoka nje ya koni, afu maji na upepo havina habari na mstari wa mtu. Helene si alipita mbali kabisa na sisi, na kochi la mama wa akaunti lipo wapi saa hizi?

Jamaa wa mauzo ndo alikuwa upande wa pili. Kazaliwa hapohapo, na msimamo wake ulikuwa kwamba Tampa haipigwi. Kweli kimbunga kikubwa hakijawahi kuipiga moja kwa moja tangu Oktoba 1921, wazee wengine wa pale wanasema ni vile vilima vya kale vya Watocobaga, wenyeji wa asili wa pale, vinailinda ghuba. Mi sina ugomvi na vilima vya mtu, lakini miaka mia bila kupigwa ni bahati, na mwaka 1921 kule ufukweni hakukuwa na magorofa wala laki za watu. Na ile ghuba yenyewe ni sahani, wastani wa kina chake ni kama futi 12 tu, upepo ukiisukuma vizuri maji hayana pa kwenda ila kupanda juu. Utabiri ulikuwa unasema futi 10 mpaka 15. Ghorofa moja na zaidi hiyo. Nikamwonyesha ukuta wa ofisi nikamwambia hapa, akasema hizo ni mbwembwe za tivii.

Saa nane hivi kukaingia hofu ya pesa. Dada mmoja kagundua bima yake ya nyumba hailipii mafuriko. Marekani bima ya mafuriko ni ya kwake peke yake, unaikata mbali, wengi hawajui mpaka maji yaingie. Akapiga simu pale pale tukimsikia, akaambiwa anaweza kununua ndio, ila inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Kimbunga kinakuja keshokutwa. Alikata simu taratibu sana, akaiweka mezani kifudifudi, akaanza kupanga karatasi zake upya, zile zile, kutoka kulia kwenda kushoto halafu kutoka kushoto kwenda kulia.

Na wakati wote huo ofisi ilikuwa wazi. Hapa ndo nina kinyongo changu na sikifichi. Kaunti ilishatangaza zoni A, B na C, yale maeneo yanayotangulia kufikiwa na maji, wahame pamoja na wote wanaoishi kwenye nyumba za trela, meya wa Tampa usiku huo akaja kusema hadharani kwamba ukibaki kwenye zoni ya kuhama utakufa, yani neno lenyewe kabisa, na sisi tunapokea barua pepe ya uongozi inayosema tunafuatilia hali kwa karibu na tafadhali hakikisha ripoti za mwezi zimeingia. Makao makuu yapo jimbo lingine, huko hakuna bahari. Meneja wetu, masikini, alikuwa anaisoma ile imeli kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kwake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anasubiri aliye juu yake aseme, na sisi tunamsubiri yeye, na wale wa chini yetu wanatusubiri sisi, mpaka unafika kwa mlinzi wa mlangoni ambaye alishafunga mizigo yake tangu Jumapili.

Ndo nikaelewa kwa nini kila mtu alikuwa anauliza "we unaondoka?" Habari walikuwa nazo, simu zilikuwa zinalia tahadhari mfukoni kila saa. Walichokuwa wanatafuta ni mwenzao. Hakuna anayetaka kuwa mwoga peke yake, akakimbia, akalala njiani, akarudi akakuta jua linawaka na wenzake wanamcheka. Na hakuna anayetaka kuwa mjinga peke yake akabaki. Kwa hiyo unahesabu vichwa. Wanaondoka wangapi? Yule ana watoto, hahesabiki. Yule ana ndugu Georgia, hahesabiki. Mi mwenyewe nilikuwa nahesabu.

Naishi zoni B, ghorofa ya chini. Usiku ule nikaanza kufunga vitu na ndo ukagundua vitu vyako vingi havina maana. Pasipoti, vyeti, karatasi za uhamiaji kwenye mfuko wa zipu, huo ndani ya mfuko mwingine wa zipu. Dawa. Chaja, pawabenki mbili, tochi. Nikapiga video kila chumba kwa ajili ya bima, nafungua kabati nasema kwa sauti "hii ni mikrowevu" kama kichaa, peke yangu usiku wa manane. Vitabu nikavipandisha juu ya kabati la jikoni. Mama wa akaunti alishanifundisha mbinu ya sarafu: unagandisha kikombe cha maji kwenye friza, barafu ikishashika unaweka sarafu juu yake, ndo unaondoka. Ukirudi ukikuta sarafu bado ipo juu, umeme haukukatika sana. Ukiikuta chini, tupa nyama yote. Nikaweka sarafu. Nikafunga friza. Afu nikaifungua tena kuangalia kama ipo. Sijui nilidhani imeenda wapi.

Wanaishi watu huko Florida kwa msemo mmoja, kwamba maji unayakimbia, upepo unajificha. Manake huhitaji kukimbia maili elfu, unahitaji kutoka kwenye zoni ya maji na kuingia kwenye nyumba imara, hata kama ni maili 20. Naujua vizuri msemo huo, nimewaambia watu wengi. Na bado nikapanga kwenda Ocala, maili karibu mia kaskazini, kwa sababu dada yake mama wa akaunti anaishi huko na akasema pana sakafu, na kwa sababu hofu haina hesabu.

Jumanne asubuhi tukarudi ofisini, wale tuliorudi. Nusu ya viti vitupu. Saa tatu meneja akatoka chumbani kwake akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Funikeni mashine, saa sita kila mtu aondoke, nitajibu mimi huko juu." Hakuna aliyepiga makofi lakini nadhani wote tulitaka. Ghafla kila mtu akawa na la kufanya na ule wasiwasi wa jana ukashuka, si kwamba umeisha, umepata tu kazi. Tukapandisha kompyuta juu ya meza, tukachomoa nyaya ukutani, tukazivalisha mifuko myeusi ya taka. Chumba kizima unasikia selotepu tu, kraaa, kraaa, kama nguo nzito zinachanwa. Kijana wa tambi alizima skrini zake zote mbili mwenyewe, bila kuambiwa, akaanza kubeba maboksi ya faili.

Jamaa wa mauzo hakufunika kitu. Alikuwa kakaa juu ya meza anapiga stori kwamba yeye habaki tu, atapiga na picha. Wiki hiyo mwanasheria mkuu wa jimbo alikuwa ameshawaambia wanaogoma kuhama waandike majina yao mkononi kwa maka peni isiyofutika, ili watakaowakuta baadaye wajue ni nani. Basi jamaa akachukua ile kalamu ya ubao mweupe, ya bluu, akakunja shati, akajiandika jina lake mkononi herufi kubwa, akainua mkono tuone. Kweli tulicheka. Kicheko cha namna ile kinatoka tu, kama kikohozi. Akalamba kidole akafuta, likafutika lote, akasema "mnaona, bado nipo."

Dada wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake begani, tayari kuondoka. Huyu huwa haongei sana. Akarudi kwenye meza yake, akavuta droo, akatoa maka peni nyeusi, ile yenyewe, akaja akaiweka juu ya meza karibu na paja la jamaa. Hakuirusha, aliiweka, akaigeuza kidogo ili isibiringike. Akasema, "Hiyo haifutiki." Akaondoka. Tukasikia lifti.

Hakuna aliyecheka. Jamaa alikaa kidogo akaiangalia, afu akaitia mfukoni.

Njiani sina mengi, aliyewahi kukaa kwenye ile foleni anaijua. Tulienda magari mawili, mimi nyuma ya mama wa akaunti, tozo za barabara zimefutwa, sehemu nyingine wanaruhusu kupita pembeni kabisa kwenye ukingo wa barabara, na bado safari ya kama masaa mawili ilikula sita na nusu. Sheli nyingi zimefunika pampu kwa mifuko. Nikapishana na lori la mafuta linasindikizwa na polisi mbele taa zinawaka, na watu kwenye magari wakawa wanalipungia mkono kama msafara wa rais. Kiyoyozi nilizima ili kuokoa mafuta. Grupu la ofisi lilikuwa linalia muda wote, upo wapi, umefika wapi, mafuta yapo wapi, na katikati ya hayo mtu ambaye hatujaongea mwaka mzima ananitumia jina la barabara ya nyuma isiyo na foleni. Nikamshukuru mpaka nikaona aibu.

Jumatano usiku, kama saa mbili na nusu, Milton alitua Siesta Key, karibu na Sarasota, kusini kwetu, akiwa ameshapungua mpaka daraja la 3. Na hapo ndo palipoamuliwa kila kitu. Kule vimbunga vinazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo kikitua kaskazini ya ghuba upepo unasukuma bahari ndani, kikitua kusini upepo unaivuta bahari nje. Sisi tulipata ya pili. Badala ya futi 15 za maji ghuba ilinyonywa, matope yakaonekana. Maili thelathini na kitu ndo zilikuwa tofauti ya tope na kaburi, na zile tambi mpaka siku ya mwisho zilikuwa zimepita pande zote mbili.

Si kwamba tulipona bure. Mvua ilipiga St. Petersburg zaidi ya inchi 18, paa la uwanja wa Tropicana likachanika kama karatasi, winchi ya ujenzi ikaangukia jengo la maofisi katikati ya mji, mabomba ya maji yakapasuka mpaka mji ukafunga maji. Umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya milioni tatu jimboni. Lakini ile bahari tuliyoikimbia haikuja, na walewale waliobaki wakaanza palepale, "si niliwaambia."

Kijana wa tambi yeye alikuwa amekimbilia mashariki, kwa mama yake kaunti ya St. Lucie, pwani ya pili kabisa ya Florida, mbali na kila mstari aliokuwa anautangaza. Tonado ziliangukia huko mchana, masaa kabla Milton hajatua, watu wakafa kwenye kijiji cha wastaafu. Yeye na mama yake walikuwa bafuni na godoro kichwani. Kwenye grupu aliandika tu, "tupo." Herufi nne. Mi ndo nilikuwa nimemsifu kwamba kachagua vizuri.

Nikarudi kwangu Jumamosi. Sarafu nikaikuta imezama chini ndani ya kikombe, nikatupa kila kitu. Kochi la mama wa akaunti halikuruka, lilikuwa palepale limelowa upya, akanitumia picha yake kama ya mtoto aliyefaulu.

Ofisi ilifunguliwa wiki iliyofuata. Tukavua kompyuta mifuko yake, meneja yupo, hakufukuzwa wala hakusifiwa, ripoti za mwezi zikaulizwa siku hiyohiyo. Jamaa wa mauzo alikuja kachelewa kidogo. Kabla hajaenda mezani kwake alipita mapokezi, akatoa ile maka peni mfukoni, akaiweka pale kaunta. Dada akaipokea akaifungua droo akairudisha, wote wawili hawakusema kitu.

Shati lake lilikuwa la mikono mirefu. Inawezekana ni kiyoyozi tu, ofisi yetu huwa baridi kama friza. Sikumuuliza.